Maswali ya Wasomaji: Faili lipo kwenye folda, programu inasema halipo

SWALI: Habari za kazi kaka. Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, kompyuta mbili, moja kaunta moja stoo. Kaunta ikipiga oda, programu inaitupia kwenye folda iliyosheawa ya mashine ya stoo, stoo inarudisha faili la jibu humohumo, kaunta inalisoma ndo risiti inatoka. Zamani stoo ilikuwa XP na kaunta Windows 7, haikusumbua hata siku moja. Tumeweka Windows 11 kote, sasa kila saa inaleta "faili halipatikani" na ukifungua folda mwenyewe unaliona hilo hapo! Fundi anasema dawa ni kuwasha SMB1. Tumkubalie?
Mama Duka, Mwanza

JIBU: Salama dada, pole, najua mteja akishalipa hataki kusikia habari za folda.

SMB1, ile lugha ya zamani ya Windows ya kusheana mafaili kwenye netiweki, usiiwashe, tafadhali sana. Ndo mlango ule ule kirusi cha WannaCry kilipopitia Mei 2017 kikafunga mafaili ya watu dunia nzima, na mwaka huohuo Microsoft wakaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Fundi wako hajakosea sana kuhisi tatizo liko hapo maana XP inaongea SMB1 tu, kwa hiyo hata ile Windows 7 ya kaunta ilikuwa inashuka kuongea nayo lugha hiyo, ila kurudi huko ni kuliweka duka zima rehani.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Kaunta ikishatuma oda haisubiri, inaanza kuuliza jibu limefika? limefika? Swali la kwanza linafika kabla stoo haijamaliza, inajibiwa halipo, na kuanzia SMB2, toleo lililoifuata SMB1, Windows ya kaunta inalitunza hilo "halipo" kichwani kwa sekunde 5. Programu ikiuliza tena baada ya nusu sekunde haipelekwi stoo kabisa, inapewa jibu lile la zamani, ikiuliza mara kadhaa inakata tamaa. Wewe unakuja kufungua folda sekunde 5 zimeshapita, lazima ulione.

Kuhakikisha, kwenye mashine ya kaunta fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama administreta uandike amri hii ya kuzima huko kutunza majibu:

Set-SmbClientConfiguration -FileNotFoundCacheLifetime 0 -FileInfoCacheLifetime 0 -DirectoryCacheLifetime 0

Ikiuliza, jibu Y, zima uwashe mashine, halafu piga oda kama kawaida. Kosa likipotea basi mchawi mmempata. Kama halijapotea rudisha 5 kwa hiyo ya kwanza na 10 kwa hizo mbili, maana kuziacha sifuri kunaongeza safari kwenye netiweki, kwa kompyuta mbili hamtaona tofauti ila ofisi yenye mashine nyingi na folda zilizojaa wataisikia.

Lakini mimi ningembana aliyeandika programu, huko ndo kwenye dawa yenyewe. Kaunta ivumilie angalau sekunde 15 kabla ya kulalamika. Na stoo isiandike jibu moja kwa moja kwa jina linalosubiriwa, iandike kwanza kwa jina lingine, mfano jibu.tmp, ikishamaliza na kulifunga ndo ilibadilishe jina liwe jibu.txt. Hii ni muhimu kweli dada, kwa sababu ukishaondoa ule ucheleweshaji kaunta inaweza kuliwahi faili likiwa nusu, ikatoa risiti yenye bidhaa tatu wakati mteja kalipia tano, na kosa la hivyo hakuna anayeliona mpaka jioni mkifunga hesabu.

Ikigoma bado, tazama antivairasi ya mashine ya stoo, nyingine inalishika faili jipya kulikagua kabla haijaliachia. Toa folda hiyo moja tu kwenye ukaguzi, usiizime yote.