Swali la lugha: Anayesoma ni nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta wa Majengo, Moshi. Naandaa mwongozo wa Kiswahili kwa vijana ninaowafundisha, kuhusu makundi ya Usenet, mtandao wa zamani wa kujadiliana kwa maandishi, na programu za kuyafungulia, kama Pan na Thunderbird. Programu hizo, kwa Kiingereza 'newsreaders', nimeziita 'wasomaji habari'. Mwenzangu amelikataa neno hilo, anataka 'visomaji'. Nani yuko sahihi? Na mtu 'anajiunga' na kundi au 'anajiandikisha'?"

Marahaba, fundi. Umeniletea swali zuri, maana limebeba jambo ambalo watafsiri wengi wa mambo ya kompyuta wanalipita mbio.

"Wasomaji" liache. Msomaji ni mtu, kama mwimbaji na mchezaji. Ukiandika "wasomaji habari wamesakinishwa", kijana wako ataona watu.

Mwenzako amekaribia zaidi. Ki- ya vyombo ingali hai na inazaa. Hapa Arusha king'amuzi kinajulikana mpaka na watoto, na neno lenyewe limetoka katika kung'amua. Kikokotozi vilevile. Kwa umbo, kisomaji halina kasoro. Shida yake iko kwenye maana: king'amuzi kinang'amua chenyewe, kikokotozi kinakokotoa chenyewe. Je, Pan inasoma?

Juzi nilikuwa Soko la Kilombero. Mama mmoja aliomba kisu cha kumenyea ndizi. Muuzaji akashika viwili: "Hiki cha kumenyea, hiki cha kukatia nyama." Hakuna aliyesema kisu cha kumenya, kwa sababu kisu hakimenyi, anayemenya ni mama. Lakini kwenye kibao cha mashine tunaandika "kukoboa na kusaga", na tuko sahihi, kwani ukishamimina mahindi unakaa pembeni, mashine inasaga. Bibi zetu walikuwa na jiwe la kusagia, maana mikono iliyosaga ilikuwa yao. Irabu moja tu inatuambia kazi ni ya nani. Naipenda sana nguvu hiyo ya Kiswahili, na inaniuma kuona miongozo ya kompyuta ikiiacha.

Sasa tazama programu yako inafanya nini. Inaunganika na seva, kwa kawaida kupitia mlango namba 119, inauliza kuna makundi gani, inaleta vichwa vya ujumbe, inavipanga kwa nyuzi, yaani ujumbe pamoja na majibu yake, na kuweka alama kwenye ulivyokwisha kufungua. Kusoma kumebaki kwako. Kwa hiyo ni programu ya kusomea, kama meza ya kusomea. Neno kisomaji tulitunze kwa zile programu zinazowasomea wasioona maandishi ya kwenye skrini kwa sauti; hizo zinasoma kweli.

"Habari" nayo iangalie. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na jina la habari limeganda kwenye Kiingereza chake tangu siku za mwanzo. Kwetu habari ni taarifa ya saa mbili usiku. Kwenye sci.lang watu wanabishana kuhusu lugha, kwenye rec.food.cooking wanaelekezana mapishi. Hayo ni makundi ya mijadala. Na kila kinachotumwa humo kiite ujumbe, hata kama wenyewe wanakiita makala, kwa sababu mara nyingi ni mistari miwili mitatu. "Uzi" umeshakubalika mitandaoni, usiuguse.

Kuhusu kujiunga, vijana wako wamezoea magrupu ya WhatsApp: admini anakuingiza, jina lako linaonekana, ukikosea unatolewa. Usenet haiko hivyo. Ukichagua kundi, hakuna daftari la wanakundi linaloandikwa jina lako; ni programu yako tu inayokumbuka, humo humo kwenye kompyuta yako, kwamba kundi hilo unalitaka. Kitenzi chake ni kufuatilia. Ukichoka umeacha kufuatilia, hukujitoa popote. Kujiandikisha kuna mahali pake pia, kwa sababu seva nyingi zinadai jina na nywila kabla ya kukufungulia. Basi mtu anajiandikisha kwenye seva, anafuatilia kundi.

Mimi ningeuanza mwongozo wako hivi: "Fungua programu ya kusomea makundi ya mijadala. Chagua seva uliyojiandikisha. Tafuta sci.lang, lifuatilie, kisha fungua uzi unaoutaka." Mpe kijana mmoja ambaye hajawahi kuiona Usenet aifuate bila wewe kumsaidia, halafu niandikie amekwama kwenye neno gani.