Mtoto amejiona kwenye kioo akanyamaza: je, amechelewa akili?

SWALI

Daktari, shikamoo. Ninaishi Ukunda, nina watoto wawili. Mdogo ana miaka mitatu na miezi minne. Amepewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo nyumbani sote twamwita Babu. Wifi yangu aliye Kanada alinitumia video ya watoto wadogo kabisa, wanapakwa rangi usoni halafu wanawekwa mbele ya kioo. Mtoto akijigusa penye rangi, inasemwa amejitambua. Nikampaka Babu wanja kwenye paji la uso. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akasimama tu. Hakujigusa.

Tangu siku hiyo sina raha, na nimeanza kuona mengine. Hasemi "nataka", husema "Babu anataka uji". Meno huyaita "majino". Tukicheza kujificha, hufumba macho akidhani haonekani. Baba yake akimpigia simu na kumuuliza kama amekula, anatikisa kichwa bila kusema neno. Na juzi nimemkuta na sukari midomoni, ananiambia hajala sukari. Mama mkwe, ambaye ndiye anayeshinda naye na huzungumza naye Kidigo, anasema uongo huo ukomeshwe kwa fimbo mapema. Mwalimu wa chekechea naye anasema Kidigo, Kiswahili na Kiingereza vinamchanganya. Niambie ukweli: mwanangu amechelewa?

JIBU

Marahaba, mama. Mtoto sijamwona, na hakuna mtaalamu wa makuzi anayeweza kumpima mtu kwa barua. Lakini katika yote uliyoyaandika sijaona hata moja linaloniambia kwamba akili yake imechelewa. Baadhi yananiambia kinyume chake. Wasiwasi wangu uko kwenye vipimo anavyopimiwa.

Tuanze na kioo. Kipimo hicho kilianzia kwa sokwe. Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Gordon Gallup, aliwapaka sokwe rangi wakiwa wamelazwa kwa dawa, kisha akaangalia kama watajigusa penye rangi wakijiona kwenye kioo. Mwaka 1972 Beulah Amsterdam akachapisha matokeo ya jaribio kama hilo kwa watoto wadogo wa Marekani, doa jekundu likiwekwa kando ya pua. Katika wale wa miezi 20 hadi 24, asilimia 65 walionyesha kujitambua. Basi ikazoeleka kufundishwa vyuoni kwamba mtoto hujitambua katika mwaka wake wa pili, na video nyingi zinazosambazwa zimesimama juu ya matokeo ya aina hiyo.

Kuna utafiti mwingine ambao wifi yako hakutumiwa. Ulichapishwa mwaka 2011, ukiongozwa na Tanya Broesch, na ulikipeleka kipimo hichohicho kwa watoto wa nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo. Walipimwa watoto 82 wa Kenya, wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka sita. Waliojigusa walikuwa wawili. Wawili kati ya 82! Wengine wengi walifanya alivyofanya Babu: walisimama wakaganda mbele ya kioo. Sasa mtoto wa miaka mitano, anayejua viatu vyake katika rundo la viatu mlangoni, anayelia akichekwa, anayejua zamu yake ya kwenda kisimani, tuseme hajui kwamba yeye ni yeye? Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Walisema kutojigusa si ushahidi wa kutojitambua.

Kilichonivutia kwenye barua yako ni kwamba, baada ya kukitazama kioo, alikutazama wewe. Mtu mzima amempaka kitu usoni, kimakusudi, kisha amemsimamisha mahali na kumkodolea macho. Mtoto aliyelelewa vizuri katika nyumba zetu anangoja aambiwe. Hajui kama wanja huo ni wa kufutwa au wa kuachwa. Huenda hata anadhani umempamba, na kwa nini afute pambo alilopakwa na mamake?

Jambo hili limeandikwa tangu zamani. Miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi katika kijiji cha Wakipsigis kiitwacho Kokwet, huko Bonde la Ufa. Waliwapa watoto kazi ambayo huko Marekani ni nyepesi: sikiliza kisa kifupi, kisha msimulie mtu mzima. Wengi walinyamaza. Watoto haohao, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, walisema bila kikomo. Tatizo halikuwa ulimi wala kumbukumbu. Walifunzwa kwamba mbele ya mkubwa mtoto husikiliza na kutenda, na ghafla mkubwa anataka kuhadithiwa kisa ambacho mtoto anajua yule mkubwa anakijua tayari.

Kuna na upande wa pili wa sarafu. Heidi Keller na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2004, waliwalinganisha watoto wadogo wa Wanso wa Kameruni na wa mji wa Athens, Ugiriki. Wa Athens waliwatangulia wenzao kwenye kioo. Wanso waliwatangulia kwenye jambo lingine: kutii maagizo na kujizuia. Kila jamii huharakisha kile inachokifanyia mazoezi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama Babu anajijua, weka wanja kando. Muonyeshe picha ya familia kwenye simu na umuulize huyu nani. Angalia kama husema "changu" na "mwenyewe", kama huona haya akifanya kosa mbele ya wageni. Mtoto asiyejijua haoni haya.

"Babu anataka uji" ni hivyohivyo. Fikiria kazi anayopewa mtoto: wewe ukisema "nataka", ni wewe, baba akisema "nataka", ni baba, na yeye akisema neno lilelile, awe ni yeye. Jina halihami hivyo. Isitoshe, wewe mwenyewe huenda humwambia "Mama anakuja sasa hivi" na "Babu ale uji", halafu tunashangaa akiongea tunavyoongea naye. Watoto wengi hupita hapo na huacha wenyewe.

Mimi, nikiisoma sentensi yake, naona kitu cha kufurahia. Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wadogo wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili na kuchapisha kitabu mwaka 2005. Alionyesha kwamba watoto huanza na vitenzi vilivyokatwa kichwa: wanaacha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili, ikabaki "taka", "lala", "leta". Babu hayuko huko tena. "A-na-taka": nafsi ipo, wakati upo, na nafsi imelingana na jina alilolitaja. Na hayo "majino" yake ni ushahidi mwingine. Hapo nyumbani kila mtu husema meno. Mtoto amesikia jina na majina, jani na majani, akaitoa kanuni kichwani mwake na kuitumia kwa jino. Amekosea neno kwa sababu ameshika sarufi. Usimcheke wala usimsahihishe kwa ukali. Jibu tu, "Ee, meno yako meupe," mwendelee na mengine.

Simu, kufumba macho na sukari ni jambo moja lenye sura tatu. Mtoto wa umri huu ndiyo kwanza anaanza kugundua kwamba kilichomo kichwani mwake hakimo kichwani mwako. Kwa simu, yeye anajua kwamba ametikisa kichwa, basi baba naye atakosaje kujua?

Huko kufumba macho kuna siri zaidi ya inavyodhaniwa. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na James Russell, walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu na minne. Waliwauliza waliofunikwa macho kama wanaonekana. Wengi walisema hapana. Walipoulizwa kama kichwa chao kinaonekana, wakasema ndiyo. Kwa mtoto huyo mwili unaonekana, lakini "mimi" naonekana macho yetu yakikutana. Babu ana "mimi" tayari, na ameiweka machoni.

Sasa sukari, ambayo naona ndiyo imewasha moto kati yako na mama mkwe. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner, watafiti wa Austria, waliwapa watoto kisa cha kijana Maxi aliyeweka chokoleti kabatini akatoka kwenda kucheza. Nyuma yake mama akaihamishia kabati lingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Kati ya watoto wa miaka mitatu hadi minne hakuna hata mmoja aliyeonyesha kabati la kwanza. Wote walishindwa kuelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo ambalo si kweli. Wa miaka minne hadi sita, asilimia 57 walipata. Wa sita hadi tisa, 86. Tafiti za baadaye, kwa maswali mepesi zaidi, zimeonyesha kwamba wengi huvuka mahali hapo kati ya miaka minne na mitano. Jeremy Avis na Paul Harris walilipeleka jaribio kwa Wabaka wa misitu ya Kameruni, wakachapisha mwaka 1991. Hawakuenda na wanasesere wala kabati. Mtu mzima alikuwa akipika kokwa za embe mwitu, akatoka kidogo, na mtoto akaombwa azihamishe. Watoto wengi wa takriban miaka mitano walijua yule mtu atazitafuta palepale alipoziacha. Ukikiweka kipimo ndani ya maisha anayoyajua mtoto, ganzi lile la mbele ya kioo huondoka.

Rudi kwa Babu. Ili mtoto adanganye, ni lazima kwanza ajue kwamba mama hakuona. Hilo Babu ameshalijua. Asilolijua bado ni kwamba midomo yake inamsemea. Amefika nusu ya njia, na katika kazi yangu hii huhesabiwa kuwa hatua ya akili. Ya tabia ni mazungumzo mengine, na yana muda wake.

Kuhusu fimbo, mfikishie mama mkwe hili kwa adabu zote, maana nia yake ni njema. Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko na nyingine isiyo na viboko, watoto wakiwa wa miaka mitatu na minne. Waliambiwa wasichungulie kitu cha kuchezea kilichowekwa nyuma yao. Wengi walichungulia, wa shule zote mbili. Waliodanganya zaidi walikuwa wa shule ya viboko, na uongo wao ulikuwa umefumwa vizuri kuliko wa wenzao. Fimbo iliwafundisha kudanganya kwa ustadi. Badala yake, usimtegee swali ambalo jibu lake unalo. Ukimuuliza "Nani amekula sukari?" huku chembe ziko midomoni, umemfungulia mlango wa kukana. Mwambie tu: "Naona umekula sukari. Hii ni ya chai. Ukitaka, niombe." Kisha weka kopo juu.

Lugha tatu hazimcheleweshi mtoto. Mwalimu ana nia nzuri, lakini hili limechunguzwa sana na halisimami. Mtoto wa lugha nyingi anaweza kuwa na maneno machache katika kila lugha, ila ukiyajumlisha yote anakuwa sawa na wenzake. Huko Kilifi watafiti wametengeneza orodha za maneno za Kiswahili na za Kigiriama za kuwauliza wazazi, kwa sababu kumpima mtoto wa Pwani kwa lugha moja tu ni kumpunja. Bibi aendelee na Kidigo chake, tena kwa wingi. Kama ana hadithi, ndiyo dawa bora niliyo nayo: "paukwa", "pakawa", kisha sungura anamdanganya fisi, na katikati bibi asimame aulize, "Fisi anadhani nini sasa?" Kisa kama hicho kina Maxi na kabati lake ndani, na mtoto haoni kama anapimwa.

Haya ndiyo ningekuwa na hofu nayo, na kwenye barua yako hayamo: mtoto asiyegeuka akiitwa; asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu kwa sababu tu kimemfurahisha; aliyefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili; asiyeigiza kabisa, kwa mfano kumlisha mwanasesere au kuendesha kopo kama gari; na zaidi ya yote, aliyekuwa na maneno kisha yakapotea. La mwisho hilo halingojewi, ni la kwenda kliniki wiki hiyohiyo, awe na umri wowote. Hata kujiita kwa jina, kama kungeambatana na kurudia maneno ya watu kama mwangwi na kutotazamana na mtu, ningetaka kumwona mtoto ili tuangalie habari ya usonji (autism).

Kitu kimoja nakuomba ukifanye hata kama moyo umetulia: masikio. Mtoto akishapata usaha sikioni mara kwa mara, au mafua yasiyokatika, anaweza kusikia nusu nusu na watu wakadhani ni mzito wa akili. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, kutoka chumba kingine, asikuone midomo. Akikosa kugeuka mara kadhaa, au akifika miaka minne na wageni bado hawaelewi sehemu kubwa ya anayosema, chukua kile kijitabu chake cha kliniki umpeleke hospitali ya kaunti apimwe usikivu, au muulize mwalimu ilipo EARC, kituo cha tathmini ya watoto kilicho karibu nanyi. Ukienda, waambie mapema kwamba nyumbani anaongea Kidigo, na uombe bibi yake akae naye chumbani.