Maswali ya bustani: oksalisi yako imelala, acha kuimwagilia

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu mmea mmoja: oksalisi ya zambarau, kwa jina la kitaalamu Oxalis triangularis, ule wenye vijani vitatu vya pembetatu juu ya kikonyo kimoja chembamba. Kwao ni Brazili na nchi jirani za Amerika Kusini. Hali ya hewa ya Mwanza inaukubali vizuri tu. Wanaouua ni wenye nao, tena kwa maji, na nitalirudia hilo mpaka mchoke.

Shikamoo bwana shamba. Jioni ua langu linafunga majani yote na kuyainamisha. Ni ugonjwa? (Mwanafunzi, Malimbe)

Marahaba. Si ugonjwa, giza likiingia hufunga, asubuhi hufungua. Likifunga saa saba mchana, jua limelizidi, lihamishe.

Mmea wangu unanyauka, nifanyeje? (Igoma)

Ndiyo swali lote hilo, halina mkia wala kichwa, na si wewe peke yako uliyeliandika hivyo. Unanyauka udongo ukiwa mkavu au ukiwa chapachapa? Chungu kina tundu chini? Kinakaa wapi, na kinapigwa jua saa ngapi? Mara ya mwisho kumwagilia ni lini? Mmea wenye kiu na mmea uliooza chini vyote hulegea vilevile, ila dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, usithubutu. Ukishafanya hivyo ndipo uandike tena.

Nililinunua likiwa limejaa majani na maua. Mwezi wa nane majani yakaanza kuwa manjano, nikaongeza maji, asubuhi na jioni. Sasa hakuna jani hata moja na udongo unatoa harufu. Nimtupe? (Mama wa watatu, Buswelu)

Usitupe kwanza, mama. Mwaga chungu chote juu ya gazeti. Utakuta vijitunguu virefu kidogo vyenye magamba, rangi ya pinki inayoelekea kahawia. Kibonyeze kimoja kimoja. Kilicho kigumu ni kizima. Kinachobonyea na kutoa majimaji kimeoza, kitoe kiende na udongo wake. Vizima vipanguse, vianike kivulini siku mbili tatu, halafu panda upya kwenye udongo mpya. Vikipona hata vitatu, chungu kitajaa tena.

Sasa kilichotokea. Oksalisi hujihifadhi chini ya ardhi. Joto likipanda au maji yakipungua, hunyonya chakula kilicho kwenye majani na kukirudisha kwenye vijitunguu, majani yanageuka manjano, yanalala, yanakauka. Huku kwetu kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho kinachoyasukuma kulala, hasa ile miezi ya mwisho kabla ya vuli, jua likiwa kali na hewa kavu. Wakati huo hakuna jani la kunywa maji. Maji unayomimina yanabaki yamezunguka vijitunguu, na kuvu wa kuozesha wanapata karamu. Harufu uliyoisikia ndiyo hiyo.

Utaratibu ni huu. Ukiona majani yanageuka manjano kwa mfululizo, punguza maji. Yakishakauka yote, yakate usawa wa udongo, acha kumwagilia kabisa, weka chungu kivulini mahali pasipofikiwa na mvua. Huna haja ya kuvifukua. Usingizi huchukua mwezi mmoja hadi miwili, mara nyingine zaidi kidogo. Ukiona ncha za zambarau zinachungulia, mpe maji kidogo, na zikifika urefu wa kidole ndipo urudi kwenye kumwagilia kikamilifu.

Na kama nyumbani kuna dada au kijana wa kazi aliyeambiwa "mwagilia maua kila siku", mweleze kwamba hiki chungu hakimo. Miti ya maua ya uani na oksalisi ya barazani havilingani mahitaji. Kwenye majira ya kukua, mara mbili kwa wiki hutosha kwa chungu cha kawaida, mimina mpaka maji yatoke chini, kisha yamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Msimu wa mvua, chungu kilicho nje chini ya michirizi ya bati hakihitaji mkono wako hata kidogo, kinahitaji kusogezwa.

Udongo gani unafaa? Kwangu ni mbuga nyeusi tupu. (Kisesa)

Mbuga waachie wa mpunga. Ikilowa hushika maji siku nyingi, ikikauka hupasuka na kukata mizizi. Tafuta udongo wa luseni, ule wa kichanga wa juu kwenye miinuko. Kwa kopo lolote ulilo nalo pima makopo mawili ya luseni, kopo moja la mchanga mnene wa mto, kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina tena harufu, na nusu kopo la chenga za mkaa. Samadi mbichi inaunguza. Maganda ya mpunga, ambayo mashine za kukoboa zinayarundika bure, yafaa yakishachomwa yakawa meusi. Yakiwa mabichi yataoza ndani ya chungu na kunyang'anya mmea naitrojeni.

Mchanga wa ufukweni usiuchukue. Hauna chumvi, ziwa letu ni la maji baridi, lakini mwingi wake ni laini, hushikana na kuziba hewa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo ndoo unayoijaza pale si ya bure hata kama hakuna aliyekuuliza.

Chungu cha kipenyo cha sentimita 15 kinabeba vijitunguu vitano hadi saba, kina cha sentimita 3, umelaza au umesimamisha haidhuru. Ndoo ya rangi iliyokwisha pia ni chungu, ilimradi uisugue vizuri na kuitoboa matundu matano kwa msumari wa moto. Vile vyungu vya kauri vya kumetameta visivyo na tundu ni mapambo ya meza. Ukikipenda sana, weka chungu chenye matundu ndani yake na ukitoe wakati wa kumwagilia.

Kabla hamjaniuliza: hapana, kokoto chini ya chungu hazisaidii. Maji hayatoki kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza sehemu yenye tope karibu na vijitunguu. Kipande kimoja cha kigae juu ya tundu, ili udongo usitoke, kinatosha.

Sebuleni vikonyo vinarefuka na kulala, rangi inafifia. Nikitoa nje upande wa magharibi, kingo za majani zinaungua. Nishike lipi? (Capri Point)

Baraza la mashariki. Lipate jua la asubuhi mpaka kama saa nne, baada ya hapo mwanga bila jua la moja kwa moja. Kama huna baraza la mashariki, weka ndani, hatua moja kutoka dirishani, na zungusha chungu robo mzunguko kila wiki.

Kuna mambo mawili watu wa milimani wanasahau. Mawe yetu makubwa ya granaiti hunywa joto mchana na kulirudisha hadi usiku, kwa hiyo chungu kilichoegemezwa kwenye jiwe kinaokwa pande zote. Kiache mbali kwa mita moja au zaidi. La pili, tuko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, na jua la mchana hubadilisha upande. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba linapita kaskazini, miezi iliyobaki kusini. Sehemu iliyokuwa kivuli Juni inaweza kuwa tanuri Desemba. Usilaumu mmea uliokaa palepale. Nyumba yako ndiyo iliyogeuziwa jua.

Nimepewa oksalisi ya kijani yenye maua ya pinki, imestawi ajabu, sasa nimeiona hata kwenye matuta ya matembele. Ni ndugu wa hii ya zambarau? (Nyegezi)

Ni ndugu, na ndiye ndugu wa kumfungia mlango. Maelezo yako yanaelekea kwenye Oxalis latifolia, iliyotoka Amerika ya Kati, gugu linalowatesa wakulima wa Afrika Mashariki hasa nyanda za juu. Mtambue hivi: vijani vitatu vipana vya kijani, kila kimoja kimegawanyika mwishoni mithili ya mkia wa samaki. Ng'oa taratibu uangalie chini. Kijitunguu mama kimezungukwa na nyuzi nyeupe, na kila uzi una mtoto mwishoni. Watoto hao ndio balaa. Ukivuta kwa nguvu, nyuzi zinakatika na watoto wanabaki ardhini. Ukipiga jembe, unawagawa sawasawa tuta zima. Ukipiga dawa ya magugu, majani yanakufa mbele ya macho yako, unafurahi, na wiki chache baadaye waliokuwa wamelala chini wanaibuka.

Kinachofanya kazi ni kinachochosha. Subiri ardhi ilowe, ingiza uma wa bustani au sululu ndogo pembeni, sentimita 20 kwenda chini, inua donge zima. Lichekeche kwenye chekecheke la mchanga. Vijitunguu visiende kwenye mboji wala kwenye korongo, maana mvua itavishusha kwa jirani wa bondeni, vichome. Rudia kila yanapochipua, kabla hayajatimiza majani manne matano, kwa sababu hapo mama ametumia akiba yake na hajapata watoto wapya. Ni kazi ya misimu miwili, si ya Jumamosi moja.

Kuna na wa tatu, Oxalis corniculata, kadogo, kanatambaa, maua ya njano. Huyu huja bure ndani ya vyungu mnavyonunua. Ganda lake la mbegu likikomaa hupasuka na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo mng'oe kabla ya ua kunyauka. Kila mche unaoingia uani, ukague udongo wake kwanza. Wauzaji wengi hawafanyi hivyo, na nanyi hamwaulizi.

Ya zambarau nayo usiipande shambani. Iache kwenye chungu.

Chini ya majani kuna unga wa rangi ya chungwa, na juu madoa ya njano. (Pasiansi)

Kutu. Ni kuvu, na inahitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa ili iote. Ndiyo maana inakuja masika, na ndiyo maana inawakumba wanaomwagilia jioni kwa kunyunyizia juu ya majani. Kata majani yote yenye unga, yafunge kwenye mfuko palepale chunguni, usiyatembeze nyumba nzima yakipukutika. Ikiwa zaidi ya nusu ya majani yameshikwa, kata yote mpaka chini. Kijitunguu chenye afya kitatoa mengine ndani ya wiki mbili hadi nne. Tenganisha vyungu upana wa kiganja ili hewa ipite, na maji yapite kwenye udongo, asubuhi.

Wakulima wa mahindi nao wajue: kutu ya kawaida ya mahindi, Puccinia sorghi, hupitia sehemu ya maisha yake kwenye jamii hii ya oksalisi. Ile ndogo ya njano kwenye kingo za shamba haistahili kuonewa huruma.

Kama badala ya unga unaona vitone vya kijivu na utando mwembamba, huo si kutu, ni utitiri wa kiangazi, rafiki wa vumbi la barabarani. Osha upande wa chini wa majani kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, mara moja kila siku nne au tano, mara tatu. Sabuni ya unga inaunguza, iache kwenye nguo.

Mbuzi amekula chungu kizima. Na mtoto naye hupenda kunyonya vikonyo, anasema vichachu. (Mkolani)

Uchachu huo ni asidi ya oksaliki. Mtoto akinyonya kikonyo kimoja viwili hatadhurika, ila usimzoeshe, na mwenye mawe ya figo asiiguse kabisa. Asidi hiyo hushika kalsiamu mwilini. Kwa mbuzi mwenye njaa aliyeshiba oksalisi tupu, kalsiamu ya damu inaweza kushuka, akatetemeka, akayumba, akalala. Ukiona dalili hizo muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akiwa mzima, mpe majani makavu na maji mengi, na umfunge mbali. Paka nao wasiachiwe kutafuna.

Naweza kuweka mbolea ya urea ili ichanue zaidi? (Kirumba)

Hapana. Itakupa majani laini na maua hakuna. Robo kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 kwa lita ya maji, mara moja kwa mwezi, ikiwa na majani tu. Ikilala, hakuna mbolea.

Kuna mtu anauza "majani manne ya bahati". Ni kweli? (Mabatini)

Ni oksalisi nyingine, Oxalis tetraphylla ya Mexico, ambayo kila jani lake lina vipande vinne. Bahati ni ya muuzaji.

Nataka kumpelekea shangazi aliye Nansio, kisiwani Ukerewe. Nisafirishe na chungu chake? (Ilemela)

Usipeleke udongo wa bara kisiwani. Humo ndimo watoto wa lile gugu wanamosafiria. Subiri ilale, fukua vijitunguu, vioshe, vikaushe kivulini siku moja, vifunge kwenye gazeti na si kwenye mfuko wa nailoni. Kumi vinatosha. Vitavumilia wiki kadhaa, ila vikipandwa ndani ya siku kumi ni bora. Mwambie shangazi asimwagilie zaidi ya mara moja mpaka aone ncha.