Maswali Yenu: Ram ya Mashine ya Gemu na Hela Yenyewe Ndogo

Mwezi huu ujumbe mwingi mlioleta unahusu ram, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na karibu wote mnaanza na lalamiko moja, bei. Ni kweli imepanda na siyo maduka ya kwetu tu, ni dunia nzima tangu mwishoni mwa 2025, kampuni tatu zinazotengeneza sehemu kubwa ya chipu za ram yaani Samsung, SK hynix na Micron zimegeuzia nguvu kwenye ram za sava za akili bandia kwa sababu huko ndo kuna hela, na sisi watu wa kompyuta za nyumbani tumebaki kugombania kinachobaki. Desemba 2025 Micron wakatangaza kabisa kwamba wanaachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida, ile ram ambayo wengi wetu tumeizoea. Kwa hiyo kununua ram isiyokufaa sasa hivi inauma kuliko zamani, ndo maana nimewapa nafasi yote leo.

SWALI: Kaka shikamoo. Niko Morogoro nasoma chuo, nina HP EliteDesk 800 G2 ile ndogo ya kulala, i5-6500, ram GB 8 moja tu, nimeiwekea kadi ya grafiksi ya GTX 1650 ile fupi. Nacheza GTA V na FC 24 lile la mpira. GTA inaanza poa tu ila nikikimbiza gari mjini inagandaganda, FC ndo usiseme. Muuza duka ameniambia ninunue GB 16 moja ya 3600 yenye taa eti hizo ndo za gemu, halafu hii yangu ya GB 8 nimwachie apunguze bei. Hela ni ya bumu, yaani mkopo wa chuo, ikienda imeenda. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue.

Prosesa yako, yaani ubongo wa kompyuta, ni Intel ya kizazi cha 6 na ukomo wake rasmi wa spidi kwenye DDR4, aina ya ram unayotumia, ni 2133. Mazabodi (bodi kuu) za HP za ofisini hazina XMP, ile setingi ya bayosi, programu ya ndani ya mazabodi, inayoruhusu ram kukimbia spidi yake kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kwa hiyo hiyo 3600 ukiichomeka itashuka itembee 2133 kama ram yoyote ya kawaida, na ulichoongezea hela kitakuwa ni taa. Taa zenyewe kwenye keisi lako la bati hazionekani, na lile bati refu la kupozea linaweza kugonga vitu ndani ya keisi dogo kama hilo.

Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo la spidi. Prosesa yako ina chaneli mbili za kuongea na ram, sasa hivi unatumia moja, ukitoa GB 8 moja ukaweka GB 16 moja bado unatumia ile ile moja. DDR4 ya 2133 inapitisha kama GB 17 kwa sekunde kwenye chaneli moja, zikiwa mbili zinakuwa 34, ni kama kukinga maji kwenye bomba mbili badala ya moja. Kule mjini kwenye GTA ukikimbiza gari prosesa inahangaika kuleta majengo, magari na watu kwa haraka, hapo ndo chaneli ya pili inasaidia sana, siyo lazima fremu, yaani picha kwa sekunde, ziongezeke sana ila ile mishuko ya ghafla, ile unayoiona kama kuganda, inapungua.

Kwa hiyo baki na GB 8 yako, tafuta nyingine ya GB 8 iliyotumika, isiyo na mbwembwe. Zinatoka kwenye hizi hizi kompyuta za ofisi zinazoshushwa kwa kontena na mafundi wengi wanazo kwenye droo. Angalia stika yake, itakuwa imeandikwa kitu kama 8GB 1Rx8 PC4-2133P-U au PC4-2400T-U au PC4-2666V-U, zote tatu zitafanya kazi kwako kwa sababu zote zitatembea 2133. Hiyo PC4 maana yake DDR4, na herufi U mwishoni ndo inakwambia ni ya kompyuta ya mezani ya kawaida. Ukikuta S ni ya laptop, ni fupi, haitaingia. Ukikuta PC3 ni DDR3, nayo haitaingia, mkato wake chini umekaa pengine. Hilo la PC3 liangalie kweli kweli kwa sababu EliteDesk 800 G1 na OptiPlex 9020 zinatumia DDR3 na kwa sura zinafanana na yako, fundi akiwa na haraka anakupa ya jirani.

Ila kabla hujatoa hata shilingi fanya hivi leo usiku. Fungua gemu, cheza mpaka lianze kuganda, bonyeza Alt na Tab utoke, fungua Task Manager upande wa Performance uangalie Memory. Ikiwa imetumika 7.4 kati ya 8 tatizo ni ram na utapona. Ikiwa imetumika 5 tu huku kadi ya grafiksi iko asilimia 100, ram haitakusaidia, punguza setingi za gemu. FC 24 wenyewe EA wanaolitengeneza waliandika GB 8 ndo kima cha chini na GB 12 ndo wanashauri, kwa hiyo nina imani kwako jibu ni ram. Angalia pia diski yako, kama bado ni HDD ile ya kuzunguka basi sehemu kubwa ya kuganda inatoka hapo, maana ram ikijaa Windows anahamishia vitu kwenye diski na HDD haiwezi hiyo kazi. Ingekuwa hela yako inatosha GB 8 ya mtumba pamoja na SSD ndogo, diski ya haraka isiyozunguka, kwa bei ya ile yenye taa, hapo wala usifikirie mara mbili.

Siku ya kwenda kununua beba mashine yenyewe. Izime, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, chomeka ram mpaka vishikio vilie, washa. Ukiwasha shusha CPU-Z, programu ya kuangalia vifaa, ni ya bure, kwenye Memory itaandika Dual au 2 x 64-bit. Ikiandika Single hamishia ram sloti nyingine. Halafu omba waandike kwenye risiti siku saba za kurudisha, ukifika hosteli weka MemTest86, programu ya kupima ram, kwenye flashi uiache izunguke usiku kucha, ikitokea hata kosa moja irudishe, usikubali kuambiwa ni kawaida, ram nzima haitoi kosa.

Na hizo GB 16 za jumla hazitabadilisha zile GB 4 za ndani ya kadi yako, hizo ni mambo mawili tofauti. Ubora wa tekscha, zile picha zinazofunika vitu ndani ya gemu, weka wa kati.

SWALI: Assalaam alaykum kaka, mimi ni dada niko Mombasa, najenga kompyuta yangu ya kwanza. Nimeamua prosesa ya Ryzen 5 5600G nicheze bila kadi ya grafiksi kwa sasa mpaka Mungu akijaalia. Duka moja lina GB 16 moja ya 3200 CL22, lengine lina GB 8 mbili za 3200 CL16 na bei imezidi kidogo. Kakangu asema nichukue hiyo moja ili sloti ibaki ya kuongeza baadaye. Mazabodi ni A520 ya sloti mbili za ram.

JIBU: Waalaykum salaam dada. Chukua mbili, na kwa mashine yako wewe hili halina mjadala.

Kakako ana hoja nzuri kwa mtu mwenye kadi ya grafiksi. Wewe huna, grafiksi yako iko ndani ya prosesa na haina ram yake, inaazima ile ile ya kompyuta, kwa hiyo kila picha ya gemu inapita kwenye ram. Chaneli moja ya DDR4 3200 ni GB 25.6 kwa sekunde na mbili ni 51.2, na hapo prosesa na grafiksi wanagawana. Ukiweka ram moja grafiksi ya 5600G inakaa na njaa muda wote na fremu zinashuka vibaya, gemu ambalo lingechezeka linakuwa halichezeki. Sijaona sehemu nyingine kwenye kompyuta ya bei nafuu ambapo uamuzi mdogo hivi unaleta tofauti kubwa hivi.

Hizo CL ni mapigo ambayo ram inasubiri kabla ya kujibu, ndogo ni bora, ila usizilinganishe bila kuangalia spidi. Zidisha CL mara 2000 ugawanye kwa spidi unapata nanosekunde. Hiyo 3200 CL16 ni 10, hiyo CL22 ni 13.75. Ukiona 3600 CL18 nayo ni 10, kwa hiyo haichelewi kujibu na inapitisha zaidi kidogo, ikiwa bei ni sawa na ile ya 3200 chukua, ikizidi achana nayo. Za 4000 na kuendelea kwa bajeti hii zipite tu.

Ukishafunga kila kitu kuna hatua ambayo watu wengi wanaisahau na wanacheza mwaka mzima na ram iliyolala. Ingia bayosi uwashe XMP, kwenye mazabodi za ASUS imeandikwa DOCP, MSI wengine wanaiita A-XMP. Bila hiyo ram yako ya 3200 inaweza kuwa inatembea 2133 au 2400. Ukiwa humo humo angalia grafiksi imetengewa kiasi gani, ukiipa GB 2 unabaki na 14 za Windows na gemu, inatosha. Siku utakayonunua kadi hizo GB 2 zinaweza kurudi kwenye matumizi yako.

Kuhusu kuongeza baadaye, ndiyo, sloti zitakuwa zimejaa na itabidi uuze hizi mbili ndo ununue GB 16 mbili. Lakini ram jozi ya DDR4 huwa haikosi mnunuzi, na mpaka huo wakati utakuwa umecheza vizuri muda wote.

SWALI: Niaje fundi, niko Eldoret. Kuna jamaa ananiuzia ram ya GB 32 DDR4 bei rahisi kushinda hata GB 8 ya duka. Stika inasema 32GB 2Rx4 PC4-2400T-R. Mashine yangu ni i3-10100F na bodi ya H410. Nibebe?

JIBU: Acha bro. Hiyo R mwishoni ni ram ya sava, registered, na mashine yako haitawaka nayo hata kidogo, haijalishi inaingia kwenye sloti vizuri. Ndo maana ni rahisi, watu wenye kuihitaji ni wachache, labda wale wenye Xeon, prosesa za sava. Huyo jamaa pengine hata yeye hajui, lakini hela yako ndo itakayopotea. Tafuta yenye U. Na kwa i3-10100F usilipie zaidi ya 2666 kwa sababu prosesa yako kwenye bodi ya H410 inaishia hapo, hata uweke 3200 itatembea 2666. Ukipata 3200 kwa bei ile ile beba, utaitumia siku ukibadilisha bodi.

SWALI: Kaka mimi wa Mwanza. Najipanga kujenga mpya kabisa, niende AM5 na DDR5 au nibaki AM4? Naogopa kununua kitu kilichopitwa.

JIBU: AM4 na AM5 ni soketi za prosesa za AMD, na DDR5 ni kizazi cha ram kilichofuata DDR4. AM5 ilikuja 2022 na inakubali DDR5 peke yake, kwa hiyo ukiichagua umejifunga kwenye ram ya bei kubwa kipindi hiki kibaya. Mimi kwa mtu wa bajeti nasema baki DDR4, AM4 na Ryzen 5 5600, au Intel ya kizazi cha 12 kwenye bodi ya DDR4, hela inayobaki yote tia kwenye kadi ya grafiksi. Kwa mtu mwenye kadi ya kawaida tofauti ya DDR4 na DDR5 kwenye gemu ni ndogo, tofauti ya kadi moja na inayofuata unaiona kwa macho. Kwa Intel kuwa makini, vizazi vya 12, 13 na 14 vinakubali zote mbili ila bodi inakubali moja tu, kwa hiyo soma jina la bodi mpaka mwisho uone kama ina D4 au DDR4.

Kama moyo umeshaenda AM5, chukua jozi moja ya ram mbili, 6000 CL30 ndo inayopendwa na Ryzen lakini 5600 haitakuangusha. Usijaze sloti nne, kwa Ryzen 7000 AMD wenyewe ram mbili wanazipa 5200 rasmi na nne zinashuka mpaka 3600. Na siku ya kwanza ukiwasha inaweza kukaa giza dakika kadhaa inajipima na ram, usiizime.

SWALI: Nimenunua ram ya 3200, CPU-Z inaandika 1600. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Dodoma hapa.

JIBU: Hapana ndugu, uko salama. CPU-Z anaonyesha mapigo ya saa ya ram, na DDR inapeleka data mara mbili kila pigo, kwa hiyo 1600 mara mbili ndo 3200 yako. Ungekuta 1066 au 1200 hapo ndo ungeingia bayosi kuangalia XMP.