Santuri mpya bado zinafyatuliwa?

Zipo, mkuu, tena mpya kabisa. Hizo santuri za zamani ulizosema umezikuta kwa babu yako Isevya ni za enzi ambazo bendi zetu za Tabora zilirekodi, kisha santuri nyingi zikafyatuliwa Nairobi.

Kaseti na sidii zilipoingia, viwanda vingi viliuza mashine kama vyuma chakavu. Waliokomaa ni wachache. Kampuni ya GZ Media ya Cheki wanafyatua tangu 1951 hawajaacha, na leo ndio wakubwa duniani. Shida iliyofuata ilikuwa mashine: kwa miaka mingi hakuna aliyeunda mpya, watu wakaishi kwa kufufua mikweche. Jack White, mwanamuziki wa Marekani, alipofungua kiwanda chake Detroit mwaka 2017, alinunua mashine mpya kutoka kampuni ya Newbilt ya Ujerumani.

Kazi yenyewe ni kama kufyatua tofali: donge la plastiki ya moto linawekwa katikati ya mihuri miwili ya nikeli yenye mifereji ya sauti, linabanwa kwa uzito wa tani nyingi, linapozwa. Chini ya dakika moja, santuri tayari.

Za babu zisimamishe wima, usizilundike. Na usiziweke karibu na paa la bati. Kwa joto letu la Oktoba zitajikunja kama chapati.