Endo alijuaje kwamba ukungu ule unazuia kolesteroli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza ya baiolojia, mwaka wa tatu, hapa Morogoro. Mhadhiri wetu aligusia kwamba statini, zile dawa za kolesteroli anazomeza baba yangu, zilianzia kwenye ukungu uliopatikana katika mchele, na kwamba Mjapani Akira Endo alipima aina zaidi ya 6,000 kabla ya kuupata. Alijuaje kwamba maji ya ukungu (yale ambamo ukungu ulioteshwa) yanazuia kolesteroli, na si kwamba yameua seli tu? Kwa nini dawa ilishindwa kwa panya ikafaulu kwa binadamu? Je, kazi ya namna hii inawezekana huku kwetu? Na la mwisho: baba ameletewa na jirani vidonge vya mchele mwekundu uliochachushwa, anaambiwa ni vya asili kwa hiyo aache vya hospitali. Una ushauri gani?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo lililobeba mengine. Kisa cha Endo husimuliwa kama kisa cha uvumilivu: alipima, akapima, mpaka akapata. Uvumilivu ulikuwepo, sikatai. Lakini ukipima sampuli 6,000 kwa kipimo kibovu utaambulia orodha ndefu ya sumu. Kilichombeba Endo ni jinsi alivyopanga kipimo chake.

Hakuwa mgeni wa kuvu. Alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima huko Akita, kaskazini mwa Japani, na alipohitimu Chuo Kikuu cha Tohoku mwaka 1957 aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Sankyo mjini Tokyo. Kazi yake ya mwanzo haikuhusu moyo hata kidogo: alitafuta kimeng'enya (enzaimu) cha kuvunja pektini inayotia juisi ya matunda uzito, akakipata kwenye kuvu inayoshambulia mizabibu. Kati ya 1966 na 1968 alikuwa New York, akaona jinsi magonjwa ya moyo yalivyokuwa yakiua Wamarekani. Alirudi nyumbani na wazo. Kuvu nyingi zinahitaji ergosteroli, ndugu wa kolesteroli, kwa ajili ya utando wa seli zao, na njia ya kuitengeneza inapita hatua zilezile za mwanzo zinazopitwa na ini la binadamu. Basi huenda ipo kuvu inayowahujumu majirani zake kwa kuziba njia hiyo.

Kazi ilianza mwaka 1971. Endo hakutumia seli hai. Alisaga ini la panya, akachukua ile sehemu yenye vimeng'enya vya kutengeneza kolesteroli, akaiweka kwenye neli pamoja na asetati iliyotiwa kaboni-14 yenye mnururisho. Asetati ndiyo malighafi ya kolesteroli. Halafu akaongeza kiasi kidogo cha maji yaliyooteshwa ukungu. Baada ya muda alichemsha mchanganyiko na alkali: mafuta ya kawaida yanageuka sabuni, steroli (kundi la kolesteroli na ndugu zake) zinabaki. Akipima mnururisho kwenye hicho kilichobaki anajua ni kolesteroli kiasi gani imetengenezwa. Kwa hiyo hofu yako ya seli kufa haina nafasi hapo. Ndani ya neli hakuna seli ya kufa.

Utaniuliza: je, kama maji yale yameharibu tu protini zote? Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia, na ningependa kila mwanafunzi wa fani hii akijue. Sampuli iliyozuia asetati ilirudiwa, safari hii kwa mevalonati yenye mnururisho. Mevalonati iko mbele zaidi kwenye njia ileile. Kama sampuli ni sumu ya jumla, itazuia kote kuwili. Kama inazuia asetati lakini inaiacha mevalonati ipite hadi kuwa kolesteroli, basi kizuizi kiko katikati ya hizo mbili, na katikati hapo ndipo kilipo kimeng'enya HMG-CoA redaktezi, ambacho ndicho kinachoamua kasi ya njia nzima. Kwa neli mbili umejua kama kuna kizuizi na kipo wapi, kabla hujatenga hata chembe moja ya dutu.

Ya kwanza kuleta matumaini ilikuwa *Pythium ultimum* (ambayo siku hizi hatuihesabu hata miongoni mwa kuvu). Dutu yake ilikuwa sitrinini, na iliharibu figo za panya. Ikawekwa kando, liweke jina hilo akilini, tutalihitaji. Mwaka 1972 ikaja *Penicillium citrinum*, iliyotengwa kutoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Dutu yake, kompaktini, ina kipande kinachofanana mno na kile ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi kila siku, nayo hukishika kimeng'enya kwa nguvu zaidi ya mara 10,000 kuliko chakula chake halisi.

Sasa panya. Walipewa kompaktini, kolesteroli yao ya damu haikushuka, hata dozi ilipoongezwa sana. Kampuni nyingi zingefunga faili hapo, na kusema kweli zisingelaumiwa. Sababu tunazijua sasa. Ini la panya likizuiwa hujibu kwa kutengeneza kimeng'enya kile kwa wingi zaidi, mara kadhaa, hadi kizuizi kinazidiwa. Tena kolesteroli husafiri kwenye damu ndani ya vibebeo, vikiwemo HDL na LDL (hiki cha pili ndicho kiitwacho kolesteroli mbaya): panya hubeba sehemu kubwa ya kolesteroli yake kwenye HDL, na LDL yake ni kidogo. Statini kwa binadamu hufanya kazi kubwa kupitia LDL: ini likiishiwa kolesteroli hutoa vipokezi vingi zaidi vya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Kazi ya vipokezi hivyo ndiyo iliyowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mnyama asiye na LDL ya maana hana cha kushushiwa.

Mwaka 1976 Endo alikutana baa na mwenzake wa kazini, Noritoshi Kitano, aliyekuwa akifuga kuku wa mayai kwa utafiti wake. Yai limejaa kolesteroli, kwa hiyo kuku anayetaga lazima awe anaitengeneza kwa wingi. Wakawalisha dawa. Kolesteroli ya damu ikashuka karibu nusu, na kuku wakaendelea kula na kutaga kama kawaida. Wengi huiita bahati. Mimi naona tofauti: Endo aliweza kuwatilia shaka panya kwa sababu alikuwa na hakika na neli zake. Bila kipimo kile cha mevalonati angeanzia wapi kubisha?

Baada ya kuku wakaja mbwa na nyani, kisha mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa Osaka akawapa wagonjwa wenye kolesteroli ya juu kupindukia waliyoirithi. Ikashuka. Hata hivyo kompaktini yenyewe haikufika dukani. Sankyo ilisimamisha majaribio mwaka 1980 kufuatia dalili za saratani kwa mbwa waliopewa dozi kubwa mno. Iliyotangulia kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987, ni lovastatini ya kampuni ya Merck, kutoka *Aspergillus terreus*. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba simvastatini, statini nyingine, hupunguza vifo kwa asilimia 30, na ubishi mwingi ukaisha. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90.

Kuhusu baba: asiache vidonge, na asichanganye. Mchele ule mwekundu huchachushwa kwa kuvu ya *Monascus*, na mwaka 1979 Endo huyuhuyu alitenga humo dutu aliyoiita monakolini K. Ilikuja kuonekana kwamba ni lovastatini, molekuli ileile. Maana yake ni kwamba jirani hajamletea mbadala wa statini, amemletea statini isiyopimwa. Kiasi hutofautiana kopo kwa kopo, akimeza na za hospitali dozi zinajumlishana na misuli inaweza kuumia, na baadhi ya bidhaa hizo zimekutwa na sitrinini, ile sumu ya figo. Apeleke kopo kwa daktari wake au mfamasia aliangalie. Na akianza kuumwa misuli bila sababu, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, asisubiri tarehe ya kliniki.

Kufanya kazi hii huku kwetu inawezekana, na kuvu za ukanda wetu si ngeni kwenye fani. Mwaka 1999 watafiti wa Merck walitangaza dutu inayoiga kazi ya insulini kwa panya hata ikinyweshwa mdomoni. Ilitoka kwenye kuvu ya *Pseudomassaria* iliyoishi ndani ya majani yaliyochumwa karibu na Kinshasa. Haikufika kuwa dawa, lakini ilifungua macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, wakishirikiana na Wajerumani, wamechapisha dutu mpya kadhaa kutoka kuvu za misitu ya Kenya.

Kinachonisumbua ni tasnifu nyingi tunazozisoma: kamua uyoga, mwagia bakteria, pima kipenyo cha duara ambamo bakteria hawakuota, andika "una uwezo wa kuwa dawa". Hata sabuni ya unga itakupa duara. Ukitaka kuingia fani hii, tafuta kwanza msimamizi mwenye kipimo kinachouliza swali moja mahususi, na kando yake kipimo cha pili cha kuwaondoa waongo. Aina za kuvu usihangaike, ziko chini ya kila gogo la milima ya Uluguru. Hifadhi kila moja kwenye baridi kali tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukungu unaooteshwa tena na tena mara nyingi huacha kutengeneza kile ulichokifuata. Na kabla ya kukusanya chochote shughulikia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na cha wenye msitu. Kama sampuli itavuka mpaka, mkataba wa kugawana manufaa chini ya Itifaki ya Nagoya (makubaliano ya kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki) uwe umesainiwa kabla haijafungashwa.