Kona ya Shabaha: Jogoo karuka, pampu imekwama

SWALI: Mzee wetu habari. Mi ni Mkenya, niko Brooklyn Park, Minnesota. Nyumbani uwindaji ulipigwa marufuku 1977, hata sijazaliwa, so hakuna mtu wa kwetu aliyenifundisha haya mambo. Kozi ya usalama nimemaliza, leseni ninayo, nikanunua shotgani ya pampu ya mtumba, Remington 870 geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana). Jumamosi tukaenda kutafuta fezanti, wale ndege wa porini wa jamii ya kuku, na majamaa wa kazini. Jogoo akaruka karibu anikanyage, nikapiga nikakosa, kuvuta pampu ikakwama, ganda limebaki mlangoni, pale linapotokea, na risasi nyingine nyuma yake. Ikatokea tena saa nane. Majamaa walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa kuna mmoja ananiambia niiuze ninunue otomatiki, ile inayojikoki yenyewe. Bunduki ni mbovu ama ni mimi?
*Aliyechekwa*

JIBU: Ni wewe, ndugu yangu, usiiuze. Mpelekee fundi aiangalie mara moja kwa sababu ni ya mtumba na hujui aliyekuwa nayo aliitunzaje, lakini kwa ulivyoeleza naweza kuapa ulishusha bunduki ukaitazama halafu ndo ukavuta.

Pampu haina siri kubwa. Ukishafyatua, loki inajiachia yenyewe, kazi iliyobaki ni ya mkono wako wa mbele. Vuta mpaka mwisho kabisa, ganda linatupwa nje, sukuma mpaka mwisho kabisa, risasi mpya inaingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapofyatuliwa. Wewe ulivuta robo tatu ukaanza kusukuma, ganda halijatoka na risasi mpya nayo inataka kuingia, wakakutana mlangoni kama abiria wawili wa matatu. Na wengi wetu tumejifunza kukoki kwenye sinema, yaani bunduki iko kiunoni, chaka-chaka, afu mtu anaanza kuongea. Kwa fezanti hiyo haifai. Yule ndege anakaa kimya kwenye majani mpaka umfikie, afu analipuka na kelele zake, roho inakuruka, na hapo kichwa hakifanyi kazi, mikono inafanya kile ilichozoea tu.

So izoeshe nyumbani. Nunua risasi mbili za bandia, zile za plastiki za mazoezi. Za kweli zipeleke chumba kingine, na si kwenye mfuko wa koti ulilovaa! Fungua bunduki, angalia chemba kwa macho, tia na kidole, angalia na mrija wa chini unaobeba risasi za akiba, afu rudia. Chagua kona moja ya dari ambayo ukuta wake hauna mtu nyuma. Bunduki inapanda mpaka shavuni, macho yote mawili kwenye kona, triga, vuta, sukuma, triga tena, na muda wote huo shavu halijabanduka kwenye kitako. Mara kumi kila jioni baada ya kuosha vyombo inatosha, usifanye mia ukachoka ukaanza kuvuta kivivu, maana huo uvivu nao unakuwa mazoea. Ukienda renji kwenye visahani vya udongo vinavyorushwa hewani utaona teke la bunduki lenyewe linakusaidia kuvuta, unaenda nalo tu. Ila renji nyingi kisahani kimoja ni risasi moja, so muulize msimamizi kama anakuruhusu kuweka mbili.

Kidole kinakaa nje ya triga mpaka shavu lifike. Sefti, yaani kile kizuizi cha triga, unaitoa bunduki ikiwa inapanda, si ukiwa unatembea. Kwenye 870 ni kile kidude nyuma ya triga. Kama jamaa yako ana Mossberg 500 msibadilishane ovyo, ya kwake iko juu, ya kusukuma na dole gumba, mkono utatafuta pasipo na kitu.

Sasa hili ndo linanifanya niandike refu. Ukizoea kukoki mara tu baada ya kupiga, na uzoee, jua kwamba jogoo ameanguka, watu wanashangilia, na wewe umeshika bunduki yenye risasi chemba. Sefti kwanza, ndo upige hatua. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na hakika nimepiga tatu. Tumefika kwenye pikapu, vidole vimeganda, nikavuta pampu kuwaonyesha tu kwamba haina kitu. Risasi nyekundu, nzima, ikaruka ikatumbukia kwenye theluji. Hakuna aliyesema neno. Mzee tuliyekuwa naye akaiokota, akaipangusa kwenye suruali, akaniwekea kiganjani. Ningependa angenitukana. Nilikuwa nimeruka nyaya mbili za senyenge na hiyo kitu chemba. Tangu siku ile nikifika kwenye waya nafungua bunduki natoa zote, hata wenzangu wakinisonya.

SWALI: Shikamoo baba. Mume wangu anatumia geji 12, mimi 20, iliyo nyembamba na teke lake dogo, kwa sababu ya bega. Tunaweza kubeba risasi kwenye mfuko mmoja? *Mama wa St. Cloud*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, hata kwa dakika tano. Risasi ya 20 ukiitia kwenye 12 haikai chemba, inateleza inakwama mbele kwenye mtutu. Mtu anavuta triga kimya, anadhani alisahau kujaza, anaweka ya 12, na ikilia mtutu unapasuka pale pale mkono wa pampu ulipo. Ndo maana za 20 kwa kawaida ni za manjano, ila kwenye giza na glavu rangi huioni. Kila mtu na koti lake. Na mlio ukitoka mnyonge, "puf", msikoki mkaendelea. Fungueni, toeni zote, mwangalie mtutu kama kuna kitu kimebaki.

SWALI: Kile kijiti ndani ya mrija wa risasi nikitoe? Jamaa anasema kinanipunja. *K., Rochester*

JIBU: Kwa bata kiache, sheria ya Marekani nzima inataka bunduki isibebe zaidi ya 3, na kijiti ndo kinashika hesabu. Hapo hapo kagua boksi lako, tangu 1991 bata hapigwi na marisau ya madini ya risasi, tafuta ya chuma (Kiswahili chetu nacho, risasi ya risasi!). Mi changu sijawahi kukitoa hata kwa fezanti. Ukishamkosa mara tatu yule jogoo yuko kaunti nyingine.